Siku nne Unguja na shoga yangu: mtembezaji wa kumtafuta tena, na safari ya pomboo nisiyoirudia

Naanza na kibaya, maana ndicho kitakachomwokolea mtu pesa yake. Siku ya mwisho tulidamka saa kumi alfajiri kwenda Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa kisiwa, kutazama pomboo. Safari hiyo hatukuipanga na mtembezaji wetu. Tuliichukua kwa kijana aliyetufuata ufukweni jioni, akatuapia kwamba tutaogelea nao bega kwa bega.

Jua lilipochomoza nilihesabu boti 14 zimelizunguka kundi moja. Kila pezi likionekana, mashine zote zinanguruma, boti zinakimbizana kuwakata mbele, na manahodha wanapiga kelele: "Rukeni! Rukeni sasa!" Kundini mlikuwa na mtoto, kimgongo chake kimegandana na ubavu wa mama yake. Wakazama, wakaibuka mbali, boti zikawafuata tena. Shoga yangu akamgusa nahodha begani: "Baba, zima mashine, tunakuomba. Tumeshawaona." Mzee akazima, na nadhani naye alifarijika. Hatukuingia majini. Pomboo anahitaji kupumua na kunyonyesha kama sisi, na asubuhi ile hakuachiwa nafasi ya lolote. Ukitaka kuwaona, muulize mwenye boti kabla hujatoa hela kama huzima mashine na kukaa mbali. Akikwepa swali, muage.

Mengine yote nayasifu, na sifa kubwa ni ya mtembezaji. Ukishuka kwenye boti ya Dar pale bandarini mapapasi watakuzonga, kila mmoja ana teksi, hoteli na ndugu mwenye duka la viungo. Sisi tulishaongea na mtu wetu kwa simu. Nilimwomba kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, akakitoa bila kununa. Bei tulikubaliana palepale, na hakuongeza hata shilingi hadi tunaachana. Lakini kilichonivuta kwake ni swali lake la kwanza: "Dada zangu, mnajua wiki hii ni bamvua?"

Hatukujua. Kwa asiye wa pwani: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Unguja tofauti hufika kama mita 4. Katikati ya bamvua mbili ndipo huja maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Tulifika siku ya mwezi mpevu. Yeye akaipanga ratiba yote kwa maji: mjini siku ya kwanza, kisiwa cha Changuu asubuhi ya pili, kisha Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki. Watu wengi hurudi wakilalamika kwamba walilipia bahari ya mashariki wakakuta mchanga mtupu, kumbe hawakuambiwa saa.

Mji Mkongwe tuliutembea kwa miguu saa tatu nzima, magauni marefu na mitandio mabegani, kwani ni mji wa watu wanaoishi na kuswali humo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, tulilitazama kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kuona pengo lile kunauma.

Mtaa wa Mkunazini, humohumo mjini, ndipo tulipokaa sana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akajenga kanisa juu ya kiwanja hichohicho. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, mahali panapotajwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watu. Nje kuna sanamu ya watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Mtembezaji alisema maneno machache, kisha akakaa kando chini ya kivuli akatuacha. Nilikwisha kutembezwa kwingine na watu wasiofunga mdomo hata makaburini, kwa hiyo ukimya wake niliuona ni adabu. Shoga yangu alisimama pale shimoni mpaka kundi lingine likaja na kuondoka.

Changuu ni mwendo mfupi wa boti. Shoga yangu hajui kuogelea na alikuwa anatetemeka. Nahodha hakung'oa nanga mpaka alipomfunga mwenyewe jaketi la kujiokolea, akavuta mikanda kuhakikisha. Gereza la kisiwani lilijengwa mwaka 1893 lakini halikufungwa mtu, likaishia kuwa karantini. Wanaopendwa ni kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wengi umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni. Wapewe mchicha kwa kushika mwisho wa shina, maana mdomo wao unakata kama mkasi. Nilimkuna mmoja shingoni, ngozi kavu yenye mikunjo, naye akajiinua polepole kwa miguu yote minne, akanyoosha shingo juu na kufumba macho. Nilipoacha, akabaki vilevile akingoja. Tafadhali msiwapande. Nilimwona baba akimkalisha mtoto juu ya gamba, mlinzi akamkemea, na alistahili.

Msitu wa Jozani tulipita njiani. Kima punju hawapatikani popote duniani ila visiwa hivi, na wanakaa karibu sana na njia. Simama mbali nao, funga begi lako, nawe utawaona vizuri.

Halafu Jambiani. Saa tano asubuhi bahari haikuwepo. Madimbwi, majani ya baharini, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Tulitembea karibu nusu saa (vaa viatu vya plastiki vinavyofunga, kuna miiba na mawe makali) hadi kwenye mashamba ya mwani: vigingi, kamba zimetandwa, na vishada vimefungwa kimoja kimoja. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye maji ya kina cha shubiri akifunga. Mtembezaji alitangulia peke yake, akamwamkia shikamoo, akaomba ruhusa, ndipo akatuita.

"Karibuni wanangu. Ila kamba msizikanyage."

Shoga yangu akachuchumaa. Akaonyeshwa kupitisha kishada kwenye kitanzi cha uzi na kuvuta taratibu kisikatike. Cha kwanza kilikatika, cha pili kikateleza, cha tatu kikashika, na mama akacheka kwa furaha. Picha alikubali ya mikono tu, tukamheshimu. Mtembezaji alikuwa ametuambia mapema kwamba anayepoteza muda wa mama hawa huwapunguzia kipato, kwani maji hayawangoji, kwa hiyo tulimwachia kitu cha asante na kuondoka kabla maji hayajaanza kurudi.

Saa kumi na moja jioni tulirudi ufukweni. Maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi za nyumba tuliyofikia, ya bluu iliyokolea, na pale tulipopita kwa miguu palielea ngalawa.

"Shoga, mwani wangu uko wapi?"

Mtembezaji akanyoosha mkono upande wa mwamba, naye akatazama huko mpaka giza likaingia.