Imatinib 400 mg: dawa nzuri, yenye masharti yake

Kwa leukemia sugu ya CML, aina ya saratani ya damu, kidonge hiki bado kinastahili heshima. Kimoja kwa siku, katikati ya mlo, na glasi kubwa ya maji. Ukikimeza tumbo tupu, kichefuchefu ni chako. BCR-ABL, jeni ya saratani hii inayopimwa kwenye damu, inatakiwa isizidi 10% mwezi wa 3, 1% mwezi wa 6, na 0.1% ukitimiza mwaka. Ikishuka kwa kusuasua, usikimbilie kuilaumu dawa: hesabu kwanza vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, huenda umeruka siku. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini liivunje dawa upesi, kwa hiyo daktari ajue. Balungi likae mbali. Zabibu za Dodoma hazina neno. Kasoro kubwa: misuli kukaza usiku na kope kuvimba.