Mipira ya matone kwa biringanya: inafaa, ila usiinunue bila chujio

Mipira ya kumwagilia tone kwa tone, ya milimita 16 yenye matundu kila sentimita 30, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo Moshi mjini, inawafaa sana wakulima wa biringanya wa Mabogini na Kahe wanaopata maji ya mfereji kwa zamu. Ukipanda kwa sentimita 60, kila mche unapata matundu mawili. Tundu likitoa lita 1 kwa saa, nusu saa ni lita 1 kwa mche.

Kubana maji kunavumilika kidogo mche ukishashika, kabla ya maua. Maua yakianza, usithubutu! Yatapukutika, na matunda yatakayobaki yatakuwa madogo, ganda gumu lisilong'aa, nyama chungu. Wanunuzi wanayabonyeza na kuyaacha.

Kasoro kubwa ni tope. Linaziba matundu, na utaona mche mmoja umenyauka katikati ya mstari mzima wa kijani. Funga chujio la diski (visahani vyembamba vilivyobanwa pamoja) la meshi 120, yaani vitundu 120 kwa inchi, lioshe kila unapomwagilia, na kila wiki fungua ncha za mipira mpaka yatoke maji meupe.