Mashine ya kusaga visiki: ya masaa mengi au iliyolala?

Tuseme unafanya kazi ya kung'oa visiki vya miembe na miashoki Mbezi au Kigamboni, na umeletewa mashine mbili za mtumba kwa bei moja. Ya kwanza ni ya dizeli, mita inasoma masaa 2,500, na mwenyewe ana daftari la sevisi. Ya pili ni ya petroli, masaa 400 tu, lakini imekaa nje miaka, karibu na bahari.

Mimi nachukua ya dizeli. Injini ya dizeli inayopozwa kwa maji, ikibadilishiwa oili kwa wakati, huenda mbali kuliko petroli ndogo ya kupozwa kwa hewa. Ila usinunue daftari, nunua injini. Fika asubuhi ikiwa ya baridi, iguse kwa mkono, ndipo iwashwe. Ukikuta imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Ikiunguruma, fungua kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimeisha. Moshi wa bluu kwenye ekzosi maana yake inakula oili. Kisha izime, tikisa gurudumu la meno, lile linalosaga kisiki. Likicheza, beringi zimekwisha.

Ya petroli? Kabureta itakuwa imeganda, mipira ya haidroliki imepasuka, chumvi imekula nyaya. Kabureta na mipira utapata Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar. Nyaya zilizooza ndani zitakusumbua kila wiki, na mteja hasubiri.

Ikishushwa bei sana, na fundi wako ni mzuri, hapo fikiria.