Kahawa tungu na ombi moja la jini: baraza la Mji wa Kale

Nauza leso Biashara Street, Mombasa. Nikishafunga duka, huteremka hadi baraza moja la kahawa huku Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus. Halina kibao. Litafute kwa dele la shaba juu ya makaa na sauti za wazee wanaobishana.

Kahawa ni tungu kisawasawa, tangawizi unaisikia mpaka kooni, na mwenyewe hakupi iliyopoa. Kashata za nazi tamu. Za njugu siku nyingine ngumu, mwenye meno mabovu aziache. Benchi la ukutani linayumba, kila siku tunaambiwa litagongwa msumari.

Lakini wallahi, utamu wa pale ni maneno. Juzi mada ilikuwa hii: jini akikutokea akupe ombi moja tu, utaomba nini? Kuomba maombi zaidi marufuku.

Kijana mmoja akataka gunia la noti za elfu. Mwenye kahawa akamuuliza, "Za lini?" Za zamani ziliondolewa 2019, na jini aliyefungiwa chupani atazijulia wapi mpya? Mwingine akataka jahazi zima la dhahabu. Nikamtajia Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyepita Kairo 1324 akienda Hija, akagawa dhahabu mpaka bei yake ikaanguka. Hata mie likiingia kontena la leso za mchoro mmoja, doti haishiki bei. Mzee mmoja wa Likoni akaomba avuke kwa kufumba na kufumbua. Yakhe, feri mwenda kwa miguu halipi! Utakachookoa ni muda, nawe umestaafu.

Mvuvi ndiye aliyenigusa: nyavu zisizorudi tupu. Nikamwambia aombe zifanye kazi wakati wa kusi tu, bahari ikichafuka na samaki wakiadimika. Kaskazi bahari ikitulia kila mtu ana samaki, na barafu ya kuwahifadhi ni pesa.

Mie nikaomba magoti ya kijana wa miaka ishirini. Wakacheka weee. Ngojeni hesabu. Ombi ni moja, ukiliombea kinachouzwa dukani umelitupa. Chukua sinia la chakula lisilokwisha: mie nala kama shilingi 500 kwa siku, mwaka ni 182,500. Si haba, lakini hutafutika. Magoti hayo nani anauza? Tena nikiyapata nitasimama dukani hadi jioni, na mteja hununua kwa aliyesimama kumkunjulia leso. Kwa hiyo pesa zitakuja zenyewe. Mwenye kahawa akasema nimeomba vitu viwili kwa bei ya kimoja, akanimiminia kingine.

Kikombe ni shilingi 20. Nenda baada ya Isha na uwe na chenji. Naipa nyota nne kwa tano. Moja nimeikata kwa ajili ya lile benchi.