Breka ya ampea 32 kwa hita ya gereji, uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya baridi

Jamani naandika hii kwa sababu mi mwenyewe ilinihangaisha wiki nzima. Nina hita ya umeme ya kilowati 6 kwenye gereji ya nyumbani, ile ya kufunga ukutani yenye feni, na ilikuwa kwenye laini ya zamani yenye breka ya ampea 20. Unawasha, joto linaanza kukolea vizuri, ikifika nusu saa hivi breka inajikata, unasubiri ipoe unarudisha, inaenda kidogo inajikata tena. Nikasema hii breka mbovu, nikanunua nyingine ya 20 mpya kabisa, ikafanya vilevile.

Kumbe breka haikuwa na kosa, hesabu ndo ilikuwa haijapigwa. Unachukua wati unagawanya kwa volti, 6000 kwa 240 ni ampea 25, sasa ya 20 itabebaje 25? Inavumilia mpaka kile kibati cha ndani kipate moto kipinde ndo inakata, ndo maana haikuwa inakata palepale. Af hita sio kitu cha kuwasha dakika tano, inawaka masaa matatu mfululizo, kwa hiyo unaongeza robo juu, 25 mara 1.25 inakuja 31.25, na saizi inayofuata ni 32.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Jamaa mmoja aliniambia toa hiyo 20 weka 40 yaishe, waya acha huohuo. Waya wenyewe ulikuwa wa milimita za mraba 2.5! Nilikuwa nimeshashika bisibisi, na mpaka leo nikikumbuka moyo unaenda mbio. Breka ipo kulinda waya, hita inakuja baadaye. Ukiweka 40 kwenye waya mwembamba breka inatulia tuli huku waya unapikika ndani ya ukuta, na we huoni kitu mpaka usikie harufu ya plastiki. Nikaita fundi umeme akavuta laini mpya ya hita peke yake, waya wa shaba wa milimita za mraba 6, hakuna taa wala soketi iliyodandia hapo.

Breka niliyochukua ni ya pole mbili, ikishuka inakata nyaya zote mbili, kwa hiyo ukitaka kufungua hita kuisafisha unakuwa na amani. Ni aina ya B. Fundi alisema C ni ya vitu vyenye mota kubwa vinavyovuta sana wakati wa kuwaka, hita haina hiyo shida. Ambacho sijapenda ni matundu ya skrubu, ni finyu, waya wa 6 ulisumbua sana kuingia.

Misimu miwili haijakata hata siku moja, na hita ikishawaka saa nzima ukigusa breka kwa juu ni vuguvugu tu. Ila baada ya mwezi wa kwanza fundi alirudi akazima meni swichi akapitia skrubu zote, moja ilikuwa imelegea kidogo, na muungio uliolegea unachemka hata kama saizi zote ziko sawa, kwa hiyo hiyo ziara ya pili usiiruke kabisa. Na kabla hujanunua chochote soma kile kibandiko pembeni ya hita yako, wati na volti ziko pale, nyingine wanaandika kabisa na breka ya mwisho inayoruhusiwa.