Nilivyojifungua hospitali ya serikali hapa Mombasa: zamu ya usiku na zamu ya mchana

Mashoga zangu wenye mimba mwaniuliza kila siku kama kuzaa serikali kunafaa ama mtu ajikaze aende praiveti, basi wacha niwaeleze yalonipata. Jina la kituo silitaji, ni cha kaunti.

Pesa kwanza. Ile Linda Mama tulozoea, mpango wa serikali wa kuzaa bure, ilikwenda na NHIF, bima ya afya ya zamani, tangu Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, na SHA inailipa hospitali elfu kumi ukizaa kawaida na elfu thelathini ukipasuliwa, lakini mpaka michango yako iwe imelipwa, na sisi tusio na mshahara twatakiwa tutoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mume wangu ni wa bodaboda, tulianza kudunduliza mimba ikiwa changa. Ukingoja uchungu ukushike ndio ukimbizane na SHA utajuta.

Niliingia usiku. Nesi alikuwa mmoja, leba imejaa, wengine wamelala wawili kitanda kimoja, na hilo simlaumu, mtu hajigawi. Lakini mdomo jamani! Msichana wa kitanda cha pili, mimba yake ya kwanza, kapiga ukelele akaambiwa "wakati wa kuitafuta hukulia, sasa walia nini". Mimi nikapimwa bila kuambiwa lolote, nikauliza njia imefunguka kiasi gani, jibu likawa kwani wewe ndiye daktari. Wifi yangu akafukuzwa akakae nje kwenye benchi na mbu, ilhali WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2018 washasema kila mama anayejifungua awe na mtu wake anayemtaka karibu naye, na hilo lagharimu nini? Kiti cha plastiki tu.

Asubuhi zamu ikabadilika. Jengo lilelile, kitanda kilekile, choo kilekile kisicho na maji (beba chupa zako, nawaambia), ila siste aloingia kanitajia jina lake, akauliza langu, akaniomba ruhusa kabla hajanipima, akanambia sentimita sita mamangu, twaenda vizuri. Pazia hakuna, kachukua leso yangu akaitundika kwa stendi ya dripu. Wifi akaitwa ndani akawa anisugua mgongo na kuninywesha uji.

Mtoto alipotoka kawekwa kifuani mwangu hapohapo, sindano ya paja nikachomwa hata sijamtazama sura, ile ya kuzuia damu, na kitovu siste akangoja kidogo ndio akakata. Kisha akanitandikia chini ya makalio nailoni lenye mfuko, mfuko una mistari. La nini hili? Akasema damu haipimwi kwa macho, ikifika mstari wa mililita mia tano mimi singoji. Na kweli ikawa yapanda. Akanikanda tumbo kwa nguvu mpaka nikamlaani kimoyomoyo, sindano nyingine, dripu, akalichungulia kondo la nyuma kama limetoka lote, akaangalia kama nimechanika, yote kwa mfululizo na huku anieleza, mpaka damu ikasimama. Baadaye nikaja kusoma kwamba mtindo huo ulijaribiwa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023, kutokwa na damu kwa kiwango cha hatari kukapungua kwa asilimia 60. Mfuko wa nailoni! Na usiku ule si ulikuwepo kabatini mulemule? Ndio maana mtu akinambia serikali hakuna vifaa namwambia ni kweli, glavu na pamba nilinunua mwenyewe, lakini kunipa jina lako na kunieleza wanifanya nini hakununuliwi duka la dawa.

Kwa hivyo huduma ya mchana naipa nyota tano kasoro choo, ya usiku moja, na hiyo moja ni kwa sababu alikuwa peke yake. Ningekuwa na pesa ningeenda praiveti? Sijui, jirani yangu alikwenda, mambo yakawa mazito akakimbizwa Coast General, hospitali kubwa ya serikali, vilevile.

Ukiruhusiwa usiondoke kabla mtoto hajachomwa ile ya TB na kupewa matone ya polio, na uulize karatasi ya kuzaliwa kabisa, maana mimi niliambiwa anayezijaza katoka, ikabidi nirudi na kidonda changu kwenye matatu kuifuata.