Pofu, Swala au Nyati: Uanze na Ipi Bucha la Nyamapori

Mteja mgeni akifika bucha la nyamapori, swali lake la kwanza ni lile lile kila mahali: "Ipi haina harufu?" Muuzaji naye humsifia kile alichonacho kwenye friji siku hiyo. Haya nayaandika kwa ajili ya yule anayetaka kurudi nyumbani na kilo mbili ambazo watoto watazila na kuomba tena. Nimekula nyama hizi miaka mingi, nyingine nimezipika vizuri na nyingine nimeziharibu, na nimebaki na msimamo mmoja: harufu inayoitwa ya pori mara nyingi haitoki porini. Inatoka kwenye mikono ya aliyechuna, na kwenye saa zilizopita kabla nyama haijapoa.

Kabla ya ladha, uhalali. Tanzania mabucha haya yalifunguliwa mlango na kanuni za mwaka 2020, na chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 kukutwa na nyama ya mnyamapori bila kibali ni kosa kubwa, hata kikiwa kipande cha sufuria moja. Nunua penye leseni, dai risiti inayotaja mnyama na kilo, na uitunze mpaka nyama iishe. Nyama inayopitishwa usiku kwenye ndoo iache hata ikiwa nusu bei. Hujui kama mnyama alikufa kwenye mtego wa waya, kwa sumu, au kwa kimeta. Msomaji wa Kenya, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, hivyo utakachopata kihalali ni mbuni na mamba wa kufugwa. Mbuni ana nyama nyekundu inayokaribia sana ya ng'ombe, mamba yake ni nyeupe, kati ya kuku na samaki.

Sasa twende kwenye meza ya bucha. Mwombe muuzaji akitoe kipande kwenye friji akiweke mbele yako. Nyamapori huwa na wekundu uliokolea kuliko wa ng'ombe, huo usikutishe. Cha kukataa ni weusi unaong'aa na kunata vidoleni. Mnyama aliyekimbizwa muda mrefu, au aliyejeruhiwa akahangaika, huimaliza sukari iliyo kwenye misuli yake kabla ya kufa. Bila sukari hiyo nyama haipati uchachu wake mdogo wa kawaida, inabaki nyeusi na inaharibika haraka. Halafu tafuta manyoya. Vinyoya viwili vitatu vilivyoganda kwenye nyama vinakueleza mchunaji alikuwa mtu wa namna gani. Mwisho inama unuse karibu na mfupa wa paja, maana hapo ndipo joto hukaa muda mrefu zaidi baada ya mnyama kuanguka, na ndipo uvundo huanzia.

Mpangilio wangu ni huu, kwa mlaji wa kawaida aliyezoea ng'ombe na mbuzi.

Wa kwanza ni pofu, na hapa sibishani na mtu. Ndiye swala mkubwa kuliko wote tulio nao, dume lililokomaa linaweza kukaribia kilo 900, lina shambwelele, ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo, kama fahali. Nyama yake ina nyuzi laini, haina ukali, na tofauti na wanyamapori wengi ina mafuta kidogo ya kuiokoa jikoni. Mgeni ukimpikia pofu bila kumwambia, atadhani ni ng'ombe aliyelishwa vizuri. Ni mnyama mpole pia. Huko Askania-Nova nchini Ukraine wamewafuga na kuwakamua maziwa. Chukua sarara kama bajeti inaruhusu, au paja la juu ulikate steki nene za vidole viwili. Chumvi, kitunguu saumu, ndimu kidogo, moto mkali, kisha uache steki ipumzike dakika tano kabla ya kuikata. Ukikuta pofu na mwingine yeyote kwenye friji moja, anza na pofu.

Wa pili ni swala pala. Wapo wanaompa nafasi ya kwanza na ninawaelewa, kwa sababu hakuna nyama ya porini yenye nyuzi nyembamba namna hii. Jike lina kilo 40 hadi 50 hivi, kwa hiyo paja zima linaingia kwenye oveni ya nyumbani. Ladha yake iko kati ya mbuzi mchanga na ndama, na ina utamu wa mbali unaobaki mdomoni. Tatizo lake ni ukavu. Hana mafuta hata ya kupaka kijiko, na wengi wetu tumelelewa kupika nyama mpaka iachie mfupa. Swala akipikwa hivyo anakuwa kamba. Nilijifunza kwa hasara: paja zima, saa mbili na nusu kwenye mkaa, wageni wamekaa, na kila mtu anatafuna kwa adabu bila kusema kitu. Siku hizi namkata vipande vyembamba, namlaza usiku kwenye mtindi na tangawizi, kisha mishikaki ya moto mkali, dakika tatu tatu kila upande. Muulize muuzaji kama ni jike au dume. Dume lililouawa wakati wa kupandana linakonda na kuwa na ukali ambao mtindi hauutoi.

Wa tatu, kongoni. Huyu watu wanampita kwa sababu jina lake halina sifa ya pofu, na mimi naona wanakosea. Nyama ni safi, haina mafuta, ladha imetulia, na inakubali mchuzi wa nazi vizuri kuliko zote nilizojaribu. Nyamera ni wa ukoo huo huo, na mezani sijaweza kuwatofautisha.

Wa nne ni nyati, ingawa kwa supu peke yake ningempandisha awe wa kwanza. Nyati ana ladha nzito, ya chuma kidogo, kama ng'ombe aliyekolezwa mara mbili. Wanaosema ni mgumu hawajakosea: anapigana na simba, anatembea mbali kufuata maji, na dume zee lina shingo isiyokubali kisu. Kosa ni kumnunua kwa steki. Omba mkia, ulimi, au muundi wenye mfupa. Teleka asubuhi kwa maji baridi na chumvi tu, toa povu linapopanda, kisha tia tangawizi iliyopondwa, pilipili manga na kitunguu kizima. Saa tatu, wakati mwingine nne, mkaa ukiwa umefunikwa majivu. Supu inatoka nyeusi kama chai ya rangi, na ikipoa inaganda sufuriani mpaka kijiko kinasimama. Ukitaka nyama ya kukaanga, paka papai bichi lililosagwa kwa saa moja tu. Ukipitisha hapo nje inakuwa uji na ndani inabaki ngumu.

Wa tano, pundamilia. Utamu wake unashangaza, maana ni wa jamii ya farasi na misuli yao ina sukari nyingi. Mafuta yake ni ya manjano na yana harufu inayosambaa, kwa hiyo yaondoe yote kwa kisu kabla ya kuosha nyama, utie mafuta yako mengine. Kwa Waislamu, punda wa kufugwa haliwi, ila wanazuoni wengi wamemruhusu wa porini. Kama moyo una shaka, muulize shehe wako. Na kwa mnyama yeyote hapa, uliza muwindaji ni nani na kama alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua. Bucha linalojiheshimu lina jibu.

Nyumbu anafuata. Nyuzi nene, rangi nzito, ladha inayopanda puani. Ni mzuri akikaushwa au akisagwa, ukichanganya na mafuta ya ng'ombe kiasi cha robo ili asikauke. Nyama ya kusaga ya mnyama yeyote wa porini iive mpaka katikati, nyuzi joto 71 kwa wenye kipima joto, na kwa wasio nacho mpaka wekundu uishe kabisa. Ukimwona nyumbu kwa bei ileile ya kongoni, chukua kongoni.

Ngiri nimemweka pembeni kwa sababu nusu ya wasomaji wangu hawamli. Kwa wanaomla: hana mafuta kama nguruwe wa kufugwa, na mbavu zake zikichomwa taratibu ni tamu sana. Aive kabisa, kwa kuwa anaweza kuwa na minyoo ya kwenye misuli ambayo kugandishwa kwenye friji hakuhakikishi kuwa itakufa. Na kama unafuga nguruwe, usiwatupie mabaki wala maji uliyooshea nyama. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua. Binadamu haipati, lakini banda lako linaweza kuisha ndani ya wiki chache.

Wa mwisho, kuro, swala mkubwa anayekaa karibu na maji. Ndiye aliyewapa wenzake wote jina baya. Ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu kali, na mchunaji akishika manyoya kisha akashika nyama kwa mkono uleule, basi. Niliwahi kununua kilo tatu za kuro sehemu moja, nikaona kinyoya kimoja, nikakitoa nikaendelea. Sufuria lile lilinuka mpaka jirani akauliza. Mwaka uliofuata nikala kuro aliyechunwa na mzee mmoja aliyekuwa na visu viwili, kimoja cha ngozi na kimoja cha nyama, na mtoto wa kummwagia maji mikononi kila alipobadilisha kisu. Nyama ile haikuwa na harufu yoyote. Ilikuwa ya kawaida tu, ngumu kidogo, inayolika.

Kwa hiyo kuro usimnunue bila kumwuliza muuzaji aliyemchuna ni nani. Hata kwa pofu, ukiwa unaingia duka hilo kwa mara ya kwanza, chukua nusu kilo kwanza. Ikate kipande kidogo, kiweke kwenye kikaango kikavu bila chumvi wala kiungo, unuse mvuke. Ukiridhika, rudi siku hiyohiyo uchukue zilizobaki kutoka kwa mnyama yuleyule.